Ua la Makambako Limeshachukuliwa

Njombe,
Jumapili, 2 Februari 2025

Mwanangu Margareth,

Kamwene. Usishangae kupata bahasha. Mkono wangu umeshasahau kalamu, maana siku hizi siandiki kitu kirefu kuliko jina la mche. Lakini simu nimeiogopa, na nitakueleza kwa nini.

Jumanne mvua ya mawe ilishuka hapa kitaluni. Ilipiga miche ya parachichi ikalala chali, na wavu wa kivuli ukachanika katikati. Nikakuandikia kwenye simu. Kabla sijaiweka simu mezani, jibu likaingia: "Pole sana shangazi kwa changamoto hii. Ninaelewa kikamilifu jinsi unavyojisikia. Je, ungependa tuzungumzie hatua zinazofuata?"

Margareth, nimekulea tangu kaka yangu, baba yako, alipotutoka. Hujawahi kunielewa kikamilifu hata siku moja, na hujawahi kuitika kabla sijakuita mara tatu. Basi nikakujaribu. Nikaandika kwamba nimemchinja yule jogoo wako mwekundu uliyenikataza nisimguse hata kwa macho. Ukanijibu: "Hongera shangazi, hilo ni wazo zuri!" Nikakaa chini kwenye ndoo. Nikajiuliza mtoto wangu yuko wapi, na huyu anayeniita shangazi ni nani. (Jogoo mzima. Anakusalimia.)

Kuanzia leo niandikie kwa mkono. Mpe Sadock, konda wa Coaster ya asubuhi, naye atanifikishia.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Krismasi uliniambia, huku unachambua mchele ili usinitazame usoni, kwamba watu wa Fidelis watabisha hodi mwezi wa kwanza. Ukasema namba yangu umeshampa. Mwezi wa kwanza umekwisha. Sebule nimepiga rangi. Mdogo wangu Nathanieli anashinda hapa kila Jumamosi na koti lake la kanisani, anakunywa chai yangu, anatazama barabara. Jumamosi iliyopita alilivua koti, akalikunja, akaniambia, "Dada, labda tuliota." Unajua nilimwahidi baba yako kwamba utatoka kwangu kwa heshima, watu wakiimba. Kuna nini, mwanangu? Niambie hata kama ni baya.

Shangazi yako,
Feliciana


Makambako,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Shikamoo shangazi,

Nakusarimu kwa heshima zote. Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, mteja anasubiri kutoa fotokopi, nikashindwa kujua nicheke au nilie.

Ni kweli, aliyekujibu si mimi. Nisamehe. Unajua kwamba siku hizi steshenari peke yake hainilishi. Ninawaendeshea watu kurasa zao za mtandaoni: saluni ya pale stendi, duka la mbolea, kwaya mbili, na kitalu chako. Kila ukurasa unataka picha asubuhi, neno jioni, na watu wanaouliza bei wajibiwe hapo hapo, la sivyo wanahamia kwa jirani. Mtu mmoja hayawezi yote hayo. Kwa hiyo natumia akili mnemba, ile programu ya kompyuta inayoandika kama mtu. Ninaiita Msaidizi. Nimeifundisha kuwasalimia wateja wako kwa "kamwene" ya kwetu, nimeipa orodha ya miche iliyopo na iliyokwisha, na inapanga hata saa ya kurusha picha. Usiogope, kwenye namba ya kitalu inajibu mambo ya bei na saa za kufungua tu. Kwako iliponyoka.

Kuhusu Fidelis sijui nikuambie nini, shangazi, maana mimi mwenyewe sijui. Tangu katikati ya Januari yuko kwao Lugarawa. Kazi zake za kufunga umeme wa jua ameziacha huku, wateja wake wanakuja dukani kwangu kumuulizia. Nikipiga, anasema "mambo ya nyumbani", anakata. Wiki hii hapokei kabisa. Upepo wa hapa Makambako ukigonga bati usiku nadhani ni pikipiki yake, naamka, nachungulia, hakuna mtu. Ninakula nusu sahani. Nikimuuliza moja kwa moja naogopa atanijibu moja kwa moja.

Shangazi, sasa na mimi nikuulize, usikasirike. Kuna mtu alikupigia ukamjibu vibaya? Krismasi ulisema, "Nimekulea Mlutheri, leo unipelekee mjukuu kwa Waroma?" Nilicheka, lakini nililisikia. Kama walikuja na ukawafukuza kwa ajili ya kanisa, niambie tu. Nitaumia, lakini nitajua.

Mwanao,
Margareth


Njombe,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Margareth,

Nimefurahi kwa neno moja tu katika barua yako: "Nakusarimu". Tangu darasa la tatu mwalimu alikuwa anakuchapa kwa hiyo herufi, penye L unaweka R, penye R unaweka L, na leo ndiyo iliyoniambia kwamba ni wewe kweli. Mengine yote yamenichoma.

Mimi niwafukuze watu mlangoni? Ndiyo, nilisema habari ya Waroma. Nimesema mengi katika maisha yangu. Nilisema hivyo hivyo Nathanieli alipomleta mkewe kutoka Songea, na leo ni nani anayemsuka nywele mke wake kama si mimi? Mimi nasema, halafu napika. Ulipaswa kunijua hivyo. Hakuna mtu aliyenipigia, hakuna aliyebisha, na kama angekuja padri mwenyewe na kofia yake ningempa kiti.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo limenipata na sijalielewa. Juzi Jumamosi nilipeleka miche stendi iende Ludewa. Makreti yameandikwa jina la kitalu kwa rangi nyeupe. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa anapanda basi lile lile. Akasoma kreti, akanitazama, akasema, "Kumbe wewe ndiye Mama Feliciana." Nikasema ndiye, kamwene baba. Hakuitikia. Akasema, "Mama wa mawili kwa bei ya moja! Sisi tulitaka moja tu, mama. Moja tu." Watu wakacheka wakidhani ni utani wa sokoni. Lakini macho yake hayakuwa na utani. Akapanda, akakaa upande wa pili ili asinione.

Nikamuuliza dereva ni nani yule. Akasema ni Mzee Kasimiri, katekista mstaafu wa Lugarawa, na kwamba ukimtuma yule ushenga huna haja ya kutuma mwingine, hajawahi kurudi mikono mitupu.

Margareth, mshenga. Kutoka Lugarawa. Nikashika mlango wa basi. Ni mawili yapi? Bei ipi? Mimi na mzee yule hatujawahi kuonana. Nani alizungumza naye kwa jina langu?

Shangazi yako


Makambako,
Jumatano, 12 Februari 2025

Shangazi wangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kama Baba Mdogo Nathanieli yupo, usimsomee.

Nimefungua ujumbe wote wa namba ya kitalu, ile niliyompa Fidelis kuwa ndiyo yako, kitu ambacho sijakifanya tangu Desemba, maana Msaidizi alikuwa anaendelea vizuri na mauzo yalikuwa yanapanda. Nimemkuta Mzee Kasimiri. Aliandika tarehe 14 Januari, Jumanne, mchana. Nanakili kama yalivyo.

Mzee: Tumsifu Yesu Kristu. Kwa Mama Feliciana. Sisi ni wapita njia kutoka Lugarawa. Tumeona ua katika bustani yako na kijana wetu amelipenda. Tunaomba siku tuje tulizungumzie.

Msaidizi: Kamwene! Karibu Kitalu cha Mama Feliciana. Tunafurahi umependa maua yetu. Ni ua lipi unalohitaji?

Mzee: Ua lile ulilolikuza kwa mikono yako, kisha likaenda Makambako.

Msaidizi: Samahani sana. Ua la Makambako limeshachukuliwa. Mteja alilichukua wiki iliyopita.

Mzee: Kweli limechukuliwa, mama? Kijana anasema aliliona juzi, na likamwambia linamngoja.

Msaidizi: Ndiyo, limechukuliwa na hatutarajii lirudi. Lakini usikate tamaa! Tunayo mengine mazuri zaidi na machanga zaidi. Wiki hii tuna ofa maalumu, unapata mawili kwa bei ya moja.

Mzee: Sisi si watu wa kuchukua mawili. Kwaheri, mama.

Msaidizi: Asante kwa kuchagua kitalu chetu! Tafadhali tupe nyota tano.

Unakumbuka lile waridi la kwenye kopo uliloniletea niliweke dukani kama sampuli? Mwalimu mmoja alilinunua baada ya mwaka mpya, nami nikaandika kwenye orodha: "Ua la Makambako, limechukuliwa." Basi. Mzee alisema kwa mafumbo kama washenga wote wanavyosema, mashine ikamjibu mambo ya dukani, na kila neno la dukani likaingia kwenye fumbo lake sawasawa, kama vile wewe ndiye ulikaa ukalipanga ili umdhalilishe. Laiti ingekosea kidogo! Ingemwambia bei ya mbolea, angeshtuka. Haikukosea hata mahali pamoja.

Nilikudanganya, shangazi. Niliandika kwamba inajibu bei tu. Niliiachia namba yote ya kitalu, mchana na usiku, nikalala.

Na kuna jingine, hili linanitia aibu kuliko lile. Niliiachia na Fidelis. Si siku zote. Ilianza na kurasa za watu. Niliandika kwenye ukurasa wa saluni "Kalibuni, nywele kwa bei lahisi", watu wakalipiga picha tangazo hilo, likazunguka Makambako nzima, mpaka wauza karanga stendi wakawa wananiita Bei Lahisi. Nikaanza kuipa mashine maneno yangu inyooshe kabla sijayatuma. Halafu ikawa inaandika yenyewe, mimi natuma. Halafu ikawa inatuma yenyewe. Fidelis alikuwa ananicheka kwa upendo, ananiambia nimwandikie "rara sarama" kila usiku, lakini mimi nikaona aibu hata kwake. Siku nikichoka naiacha imjibu. Sijui ilimwambia nini. Sijasoma.

Leo Jane wa saluni, ambaye mama yake anatoka Lugarawa, ameniambia bila kujua anachoniambia: watu wa Fidelis wanakwenda kubisha hodi Mlangali, Jumapili ya tarehe 23. Wanataka barua ya posa iwe imepokelewa kabla Kwaresima haijaanza. Kuna binti huko, wazazi wake wote wapo, na nina uhakika hana mashine.

Nimempigia Fidelis mpaka simu imeishiwa chaji. Nikimwandikia, atajuaje ni mimi? Tafadhali shangazi, nifanye nini?

Margareth


Njombe,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kwa Mzee Kasimiri, Lugarawa
(kwa mkono wa dereva wa basi la Ludewa)

Mheshimiwa baba,

Shikamoo. Mimi ni Feliciana wa kitalu, yule uliyemkuta stendi na kumgeuzia mgongo. Ulikuwa na haki ya kunigeuzia. Nimeambiwa leo asubuhi yaliyosemwa kwa jina langu, nikalia mpaka jogoo akaja kunitazama.

Najua si desturi upande wa bustani kumkimbilia mpita njia na kumshika koti. Mwezi mzima tuliwangoja, mimi sebule nimepiga rangi, mdogo wangu Nathanieli na koti lake la kanisani. Sasa Nathanieli amenikataza nisiandike, anasema tutaonekana tunamtembeza mtoto. Nimemwambia wapita njia wamefukuzwa langoni kwetu, na atakayewafuata ni yule ambaye lango ni lake. Basi naandika.

Aliyekujibu si mimi, wala si mtu. Binti yetu aliweka mashine kwenye simu ya kitalu ijibu wateja. Mashine hiyo inajua maua ya kopo tu. Ulipoiambia ua, ikakimbilia kwenye orodha, ikakuta waridi limeuzwa, ikakuambia limeuzwa. Ulipoiambia linamngoja kijana, haikujua kwamba maua ya namna hiyo yapo. Wewe ni mtu mzima, umekaa na maneno miaka mingi. Niambie, ungemkuta mtoto wa miaka minne mlangoni, akakujibu kuhusu sufuria wakati wewe umesema jiko, ungeondoka na hasira au ungeuliza mama yuko wapi?

Ua lipo, baba. Halijachukuliwa. Halijawahi kuwa na mwingine, na hatuna mawili, tuna hilo moja. Limepigwa na mvua ya mawe wiki hizi na linainama, lakini mizizi ni yake.

Nasikia mna safari Jumapili ya tarehe 23. Siombi mvunje ahadi na watu. Naomba tu, kabla hamjafunga viatu, kijana ajue kwamba langoni kwetu hakujibiwa na mtu.

Kuhusu kanisa, kama ulisikia kwamba mimi ni mkali, ulisikia vizuri. Lakini chai yangu haina dhehebu.

Ni mimi,
Feliciana


Lugarawa,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mama Feliciana,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa mashaka, ya tatu nikafika kwenye jogoo nikacheka. Nikamwambia mke wangu, mashine haiwezi kulia mbele ya jogoo. Kwa hiyo nimeamini.

Lakini nikuambie ukweli, mama, nimeumia. Ushenga nimeufanya tangu kijana. Nimetukanwa, nimemwagiwa maji, pale Wanging'ombe walinifungulia mbwa. Hakuna aliyenijibu kwa fumbo safi kama lile lako. Nilirudi nikawaambia wazee, huyu mama ametushinda, ametukataa kwa lugha yetu wenyewe na kutuita walafi juu yake. Niliwaeleza kwa wivu kidogo, Mungu anisamehe. Sasa naambiwa nilishindwa na kitu kinachouza miche. Nimeshindwa kula ugali jioni nikiliwaza hilo.

Hayo ni ya mzee. Ya kijana ni mazito zaidi. Siku ile nilipomletea jibu hakuniamini. Alimwandikia binti yenu mwenyewe jioni ile ile, akamuuliza wazi, "Ni kweli umeshachukuliwa?" Akajibiwa, "Usijali mpenzi, kila kitu kitakuwa sawa. Usiku mwema." Alinionyesha. Alikaa na simu ile mkononi mpaka ikazimika yenyewe. Tangu hapo amekuwa mtu wa kuitikia tu.

Nimempa barua yako juzi. Ameisoma, akatoka nje, akarudi. Amesema, "Mzee, namba ya kitalu nimeelewa. Namba yake je? Aniambie usiku upi alikuwa yeye na usiku upi haikuwa yeye." Hilo mimi siwezi kulijibu, wala wewe. Ajibu mwenyewe, kwa mkono wake, na iwahi kufika.

Mlangali wanatusubiri. Mimi naweza kusingizia goti kwa Jumapili moja. Goti langu ni bovu kweli, kwa hiyo si dhambi kubwa. Jumapili mbili siwezi, maana kule nako kuna mama aliyepiga rangi sebule.

Wako katika Kristu,
Kasimiri


Makambako,
Jumatano, 19 Februari 2025

Fidelis,

Shangazi amenitumia barua ya Mzee Kasimiri, na swali lako nimelisoma. Ninakujibu bira kunyoosha chochote.

Sijui usiku upi. Shangazi aliniambia niizime mashine ile, nami kwa hasira nikafuta kila kitu, na mazungumzo yetu ndani yake. Sikutaka kuyasoma. Niliogopa nitakuta maneno mazuri kuliko yangu. Kwa hiyo siwezi kukupa tarehe, na nikikupa nitakuwa nakudanganya tena.

Lakini wewe simu yako unayo. Nitakuambia namna ya kujua. Penye "usiku mwema" ujue si mimi, sijawahi kusema usiku mwema katika maisha yangu, hilo ni la watangazaji wa redio. Penye "rara sarama" ni mimi. Penye maneno yaliyonyooka, yenye nukta na mkato mahali pake, si mimi. Ile siku uliyopanda kwenye paa la shule kule Mlangali na mimi nikaandika "shuka talatibu nakuomba", nilikuwa mimi, nilikuwa nalia. Jioni ulipouliza kwa nini nakupenda ukapata jibu lenye sababu tano, haikuwa mimi. Mimi ningekosa hata moja.

Niliona aibu ya herufi mbili, Fidelis. Watu walinicheka, nikatafuta mtu wa kunisemea asiyechekwa. Nikampa na wewe. Uliponiuliza kama nimechukuliwa nilikuwa dukani natengeneza kalenda za kwaya, simu iko kwenye chaji. Sikuwahi kuliona swali lako. Ningeliona ningekuja kwa miguu.

Sijachukuliwa. Nakungoja, kama nilivyokuambia Desemba pale kwenye kizuizi cha magari, upepo ukakurushia kofia barabarani. Ukienda Mlangali nitaelewa. Hapana, sitaelewa, nimeandika hivyo kwa adabu. Nitaumia sana. Usiende.

Wenye kurasa nimewaandikia kwamba kuanzia sasa wateja watangoja mpaka nifike. Saluni wameshaondoka. Kitalu cha shangazi nakijibu mimi, jana nimeandika "miche bola" na mteja amenunua hivyo hivyo.

Rara sarama. Ni mchana, lakini barua hii utaisoma usiku, nakujua.

Margareth


Lugarawa,
Jumamosi, 22 Februari 2025

Margareth,

Barua yako imefika jana. Nimefanya kama ulivyosema, nimefungua simu na kurudi nyuma mpaka mwaka jana, nikitafuta "sarama". Zipo nyingi Septemba. Oktoba zipo. Novemba zinakuwa za kutafuta. Ya mwisho ni ya wiki ya kwanza ya Desemba, kabla hujaenda Krismasi kwa shangazi yako. Baada ya hapo ni usiku mwema tupu.

Kesho hatuendi Mlangali. Mzee Kasimiri ameshika goti tangu jana, anachechemea hata anapokwenda kusali, watu wanampa pole. Jumamosi ijayo, tarehe mosi Machi, atakuja kubisha Njombe. Nimemwambia asitumie simu, agonge mlango kwa mkono. Mwambie baba yako mdogo alitoe koti. Hayo ni ya wazee na yamekwisha.

Yetu hayajakwisha. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa. Mama yangu amelazwa tangu Januari, ndiyo "mambo ya nyumbani" yangu. Ilikuwa figo, halafu ikawa na presha. Kwa sauti kwenye simu nilishindwa kulisema, nikaliandika. Nilikuandikia siku ya kwanza ile ile, kabla sijamwambia hata kaka yangu. Na ulinijibu. Kila jioni uliniuliza mama amekula nini leo, ameamka, daktari amesema nini. Uliniambia nimgeuze upande asipate vidonda. Jirani wa kitanda cha pili alinisikia nikimsomea mama, akasema, huyo umepata mke. Mama alikuwa anangoja ujumbe wako wa jioni. Hata baada ya Mzee Kasimiri kuniletea lile jibu la kukataliwa, nilikuwa namsomea, nikikuchukia huku namsomea, maana ulikuwa unamfanya atabasamu.

Jana nimesoma barua yako kutoka juu hadi chini, halafu nikaisoma tena nikitafuta mahali umeuliza habari zake. Hapapo. Hujui kwamba anaumwa. Mashine yako ilijua na wewe hujui. Sikulaumu, nakuambia tu jinsi nilivyokaa hapa benchini.

Zaidi ya wiki sasa ujumbe wa jioni hauji. Ndipo ulipoizima, nimeelewa sasa. Lakini mama anauliza. Kila jioni ananiuliza, "Mwenzio leo hajaandika?" Nimekuwa nikitunga mwenyewe, namsomea kwenye simu isiyo na kitu. Jana akaniambia sauti yako imebadilika.

Basi la Ludewa linatoka Njombe asubuhi, linapita hapa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Ukifika usimwambie habari ya mashine. Muulize amekula nini leo.

Usinijibu barua hii. Njoo.

Fidelis